Ramani ya Kijani ya Chimoli

Pete ilipaa juu ya bonde la Chimoli saa moja na robo asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ilikuwa duara la waya lenye upana wa mita ishirini, limebebwa na droni sita zilizovuma kama nyuki waliochokozwa. Mbuzi wote wa kijiji walikuwa wamefungiwa mabandani. Redio zilikuwa zimezimwa, na watu mia tatu arobaini na mmoja walikaa kilimani kimya, kama watu walio kanisani.

Namsifu Mrutu alikuwa amepima vijiji sabini na viwili, na hakuwahi kufika chenye adabu ya namna hii. Kwingine watu walimganda kama kupe, wakimuuliza kama pete inaweza kuona dhahabu, au ng'ombe aliyeibwa mwaka juzi. Hapa walimpa kigoda, wakamwekea uji wa uwele kwenye chupa ya chai, wakakaa pembeni. Mtoto mmoja alipokohoa, mama yake alimziba mdomo.

"Mwacheni akohoe," Namsifu alimwambia Bibi Perusi Senyagwa, mwenyeji wake, ambaye alikuwa amemwachia kitanda chake na kulala kwenye mkeka. "Pete haisikii sauti, bibi."

"Haisikii, najua. Ulitueleza jana," Bibi Perusi alijibu kwa sauti ya chini. "Lakini mtu akikufanyia kazi, mwanangu, unampigiaje kelele?"

Pete ilikuwa ikiiuliza ardhi swali moja, tena na tena, mara elfu kadhaa kwa dakika. Umeme ulipita kwenye waya wake, kisha ukakatwa ghafla. Ukikatwa hivyo, ardhi iliyo chini hushtuka, ikazaa umeme wake yenyewe, mdogo mno, unaozunguka na kufifia. Penye mwamba mkavu unafifia mara moja. Penye udongo wa mfinyanzi, au chumvi, au mchanga uliolowa, unakawia. Huko kukawia ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini pete ilikunasa, ikakutuma makao makuu kwa Mfasiri, ile akili ya mashine iliyosoma ardhi ya nchi nzima, na Mfasiri akaugeuza mnong'ono huo kuwa rangi.

Kijani maana yake maji yapo tele, kijiji kinabaki na kitachimbiwa kisima. Njano, maji ni kidogo, wanabaki wale tu yanaowatosha. Nyekundu, hakuna kitu, na kabla ya miezi mitatu watu wote wanahamishiwa Miji ya Mabomba, kwenye maghorofa ambako maji yanatoka ukutani na mbuzi haruhusiwi kupanda ngazi.

Mpimaji akishaitia ramani saini, inafungwa kwa muhuri, na muhuri huo haufunguliwi na waziri wala hakimu. Wananchi wenyewe ndio walioitaka sheria hiyo, walipochoshwa na ramani zilizobadilika kila alipobadilika mkubwa. Ni mpimaji peke yake anayeweza kuiondoa ramani yake. Akiiondoa, anapewa siku moja ya kuleta nyingine, kisha leseni yake inakufa.

Saa tatu pete ilitua. Namsifu alifungua fomu kwenye kishkwambi chake na kumwita Mwenyekiti wa kijiji, Yoramu Chiloleti, fundi wa kuchomelea, mwenye mikono iliyojaa alama za cheche na kifua kilichojaa uenyekiti.

"Mwenyekiti, kuna mabati bondeni?"

"Tuliyaezua yote, Mtaalamu. Hata la choo cha shule. Walimu wanajisaidia wakitazama mawingu."

"Nguzo za umeme? Reli? Bomba?"

"Vitoke wapi vitu hivyo hapa?"

Maswali yalikuwa kumi na mawili. La mwisho liliuliza kama mpimaji amelizunguka eneo lote kwa miguu. Namsifu alitazama. Bonde lilikuwa limezungushiwa boma la miiba, zuri, nene, lililonyooka, na kulizunguka kungechukua karibu saa moja. Upepo ulishaanza kupiga, kijiji kingine kilikuwa kinamsubiri, na boma la miiba ni boma la miiba tu. Akaweka tiki, akatia saini.

Dakika nne baadaye kioo kilijaa rangi ya kijani, bonde zima, kutoka boma hadi boma. Mfasiri aliandika kwamba chini ya Chimoli kuna mto wa kale uliofukiwa, mchanga wenye maji, unene wa mita sitini.

Namsifu aliitia ramani saini, akainua kishkwambi juu ili waone. Hakupata hata nafasi ya kusema neno.

*

Kesho yake hawakumruhusu aondoke. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alikuta mtu ameketi juu ya sanduku la droni.

Wanawake walitoa ngoma za muheme, wakazibana katikati ya magoti na kuzipiga mpaka vumbi likapanda. Kuku saba waliaga dunia. Palikuwa na ugali wa uwele, mlenda, karanga za kukaanga, na asali ya nyuki wadogo ambayo Bibi Perusi alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Alimwambia Namsifu waziwazi kwamba mjukuu mwenyewe bado hajapata mchumba, kwa hiyo aile tu.

Boza la maji lilifika asubuhi hiyo kama lilivyofika kila wiki kwa miaka sita. Dereva alikuwa na taarifa. Mfasiri, baada ya kutoa ramani ya kijani, alikuwa ameifuta Chimoli kwenye orodha ya vijiji vya kupelekewa maji saa ileile. Huo ulikuwa mzigo wa mwisho. Watu walishangilia. Walimzunguka dereva, wakamcheza, wakampa jogoo na kumwambia asiwasahau, na yule mwanamume mzima alifuta machozi kwenye usukani.

Baada ya chakula Yoramu alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, serikali, wapishi, na kwa muda mrefu alimshukuru Namsifu, ambaye alijisikia vibaya kwa jinsi alivyokuwa akifurahi. Alikuwa amelelewa ghorofa ya kumi na nne katika Mji wa Mabomba. Mama yake alihamishwa kutoka milima ya Upare akiwa na mimba yake, na hadi anakufa aliweka udongo wa kwao kwenye kopo dirishani. Kila ramani ya kijani, Namsifu aliisaini kwa furaha ya mama huyo.

"Lakini na sisi," Yoramu aliendelea, "hatukukaa mikono mitupu. Ofisi ilituandikia kwamba eneo liwe tulivu, mnyama asipite. Nikasema, boma la miiba mbuzi wa Chimoli watalitoboa kama karatasi. Nikaomba kila kaya inichangie waya. Mtaalamu, simama kidogo nikuonyeshe zawadi yetu kwako."

Alimshika mkono kama bibi harusi. Walishuka hadi bomani, watu nyuma yao, ngoma nyuma ya watu. Yoramu akafunua miiba kwa fimbo.

Ndani ya miiba mlikuwa na waya. Zilikuwa nyaya tatu, moja juu ya nyingine. Zilikuwa seng'enge kuukuu, nyaya za kuanikia nguo, nyaya zilizotolewa kwenye matairi yaliyochomwa, spoki za baiskeli. Kila palipokutana kipande na kipande, palikuwa na tone la chuma lililochomelewa vizuri na kusuguliwa likang'aa.

"Kilomita tatu kasoro," alisema Yoramu. "Miezi miwili. Hakuna hata sehemu moja niliyofunga kwa kusokota. Zote nimechomelea. Ukigonga hapa, unasikia mpaka upande wa pili."

Akagonga, na kweli Namsifu alisikia.

Hakuulizwa kama ameipenda. Walimwona amekaa chini ghafla kwenye vumbi, wakadhani ameguswa moyo, na baadhi ya wanawake walianza kulia naye.

*

Alimwambia Bibi Perusi kwamba kichwa kinamuuma. Akajifungia chumbani na kuirudia ile ramani, mstari kwa mstari, huku akiomba awe amekosea.

Hakuwa amekosea. Mto wa kale ulifuata boma hatua kwa hatua, ukakunja kona lilipokunja. Mto gani unakunja kona penye mlango wa mbuzi? Waya uliofungwa ukawa duara ni pete nyingine iliyolala chini. Umeme wa pete ya juu ulipokatwa, ardhi ilinyamaza kama granaiti yoyote, lakini waya wa Yoramu uliendelea kuitika, na Mfasiri akausikia huo akadhani ni maji. Fundi mvivu angesokota ncha kwa koleo, kutu ingeingia, umeme ungekwama njiani na kosa lingekuwa dogo. Ufundi wa Yoramu ndio uliomdanganya Mfasiri wa nchi nzima.

Na Namsifu angelizunguka boma kwa miguu angeuona waya kabla ya saa nne.

Alimpigia bosi wake, Injinia Bukagile. Alimweleza yote, hata ile tiki.

Injinia aliuliza: "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza, Mrutu. Kijani ni kijani. Wale watu watajengewa zahanati na barabara, hilo lishaanza kwenda. Mtambo wa kuchimba utafika huko baada ya miezi kumi na moja. Ukikosa maji, watalaumiwa wachimbaji, wataenda kwingine, watarudi. Mambo kama hayo huchukua miaka. Kwa miaka hiyo yote watu wako kwao. Si ndicho wanachotaka?"

"Boza limesimamishwa, Injinia."

"Wana lambo."

"Lambo lina matope mpaka Agosti. Baada ya hapo halina hata matope."

"Watahangaika. Watu wa huko wamezoea kuhangaika." Sauti yake ililegea, hakuwa mtu mbaya, na alimpenda Namsifu kama binti. "Ukiiondoa ramani, kesho saa kumi huna kazi. Si hapa tu, popote. Na wao wanapata nyekundu, wanapakiwa kwenye malori. Sasa niambie, ni nani atakayekuwa amesaidika?"

Namsifu alikata simu akakaa kitandani pa mwenyeji wake akitazama ukuta. Nje ngoma zilikuwa bado zinalia, na mtu fulani alikuwa anaimba jina lake, akilitamka vibaya.

Aliwaza jambo la kunyamaza, na akaliwaza kwa dhati, maana lilikuwa na utamu wake. Angeondoka jioni ile na asali na kuku wawili wazima. Angekumbukwa Chimoli kwa wema, angalau hadi Agosti. Pengine mvua ingewahi. Pengine mchimbaji angebahatisha. Na mama yake, je, asingeomba mpimaji anyamaze, apate miaka michache zaidi mlimani kwake?

Kisha alimfikiria yule mtoto aliyezibwa mdomo asikohoe. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mwezi wa tisa atakunywa nini? Mama yake Namsifu alikuwa mtu mzima na aliyajua maisha ya mlimani. Mtoto huyu angenyweshwa tope la lambo kwa sababu ya tiki aliyoiweka mtu mwenye haraka. Hapo Namsifu aliona kwamba hana njia mbili, ila alikuwa ameogopa, na alinyanyuka kabla woga haujapata hoja nyingine.

*

Saa kumi kasoro aliomba ngoma zinyamaze. Alisimama mbele yao akiwa bado amevaa kitenge walichomfunga begani.

"Ramani niliyowaonyesha jana ni ya uongo," alisema. "Hakuna mto chini ya Chimoli. Kilichoonekana ni uzio wa waya."

Aliwaeleza taratibu, kwa maneno yale yale aliyowaelezea pete juzi. Alipofika kwenye uzio, hakumtazama Yoramu, lakini watu wote walimtazama.

"Kosa si la Mwenyekiti," akaongeza haraka. "Alifanya alichoombwa, tena kwa ufundi ambao sijawahi kuuona. Kosa ni langu. Nilitakiwa kulizunguka boma kwa miguu. Sikuzunguka. Nikaandika kwamba nimezunguka."

Mshona nguo wa kijiji, mwanamke mrefu aliyeitwa Merina, ndiye aliyeuliza kwanza. "Dada, kwa nini usingenyamaza?" Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayeomba. "Ungeenda zako. Sisi tungebaki kwetu, tukifa tunafia kwetu."

"Mngeanza kufa Agosti. Na wangeanza watoto."

Merina alitazama chini.

"Sikuja kuwaomba ruhusa," alisema Namsifu. "Nikiwauliza, nitakuwa nimewatwika mzigo wangu. Ninaiondoa ramani sasa hivi. Tuna mpaka kesho saa kumi kupima upya bila waya. Sijui tutakuta nini. Tukikuta nyekundu, nitakuwa mimi ndiye niliyewahamisha, na mnaweza kunichukia, ni haki yenu."

Akabonyeza. Kijani kikatoweka kwenye kioo, na mahali pake pakaandikwa saa na dakika zilizobaki za leseni yake.

Yoramu alikuwa amesimama mikono imening'inia. Mwanamume huyu aliyezoea kuhutubia hata mbuzi aligeuka tu, akaenda kwake, na Namsifu akadhani ndiyo basi, amepoteza rafiki. Lakini alirudi na mkasi wa kukatia chuma na makoleo matano, akagawa.

"Anzeni mlangoni," alisema. "Mimi naanzia upande wa korongo. Na mkate kwenye maungio, msiniharibie nyaya za watu."

Walifanya kazi mpaka jua lilipozama. Kila kaya ilitambua waya wake. "Huu ni wangu wa kuanikia," mmoja alisema akiukunja. "Nilikuwa nautafuta!" Wengine walicheka, na Namsifu alishangaa kusikia kicheko siku ile. Bibi Perusi, ambaye hakuwa na nguvu ya kukata, alipita na ndoo ya maji ya boza la mwisho akiwanywesha wakataji kwa kikombe kimoja. Alipomfikia Namsifu alimjazia mpaka juu.

"Bibi, mimi sistahili."

"Nani kakuuliza kama unastahili? Kunywa, uendelee kukata."

Namsifu alikunywa. Alijua kabisa kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo angetendewa hivyo baada ya maneno aliyoyasema, na moyo wake ulijaa shukrani.

*

Asubuhi alilizunguka boma zima kwa miguu, hatua elfu tatu na mia nane, na nusu ya kijiji ilizunguka naye ili kumsindikiza. Kisha pete ikapaa.

Safari hii ardhi ilijibu kwa sauti yake yenyewe. Karibu bonde lote lilikuwa granaiti, kavu, jibu linakufa kabla halijaanza. Namsifu alitazama mistari ikishuka mmoja baada ya mwingine, akaanza kutafuta maneno ya kuwaambia. Kwenye mstari wa kumi na saba jibu lilikawia kidogo, na kwenye wa kumi na nane vilevile. Chini ya malisho ya mashariki, palipokuwa pamefunikwa kabisa na kelele za waya katika kipimo cha kwanza, mwamba ulikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, umesimama wima, umeshuka mita tisini, na ndani yake mwamba uliooza kama sukari guru iliyolowa.

Alirusha pete mara nne juu ya ufa huo. Hakuamini mpaka mara ya nne.

Mfasiri alichukua muda mrefu. Kisha akaleta njano.

"Yapo," Namsifu aliwaambia, na akainua mkono kabla hawajashangilia. "Ni kidogo. Mvua inaujaza ufa polepole. Mkichota zaidi ya unavyojazwa, miaka michache utakauka, na hautarudi. Nimehesabu ndoo moja kwa mtu kwa siku, na mbuzi mlio nao. Unatosha watu mia tatu."

Kila mtu Chimoli alijua idadi yao. Walikuwa mia tatu arobaini na mmoja.

Alikuwa ameshaona vijiji vya njano. Sheria iliwaachia wenyeji wenyewe wachague nani abaki, na hapo ndipo alipokuwa ameshuhudia ndugu wakitoleana visu, wakifufua kesi za mashamba za babu zao, wakihesabu nani kazaliwa wapi. Alifungua daftari la shule walilompa, akaandika moja hadi arobaini na moja ukingoni mwa karatasi, akasubiri kelele zianze.

"Andika Chiloleti," alisema Yoramu. "Watu tisa."

"Mwenyekiti, hujalazimika. Nilisema kosa si lako."

"Nimesikia. Sijasema nakwenda kwa sababu ya kosa. Nakwenda kwa sababu nina ufundi. Huko ghorofani hawana vyuma vya kuchomelea?" Alijaribu kucheka. Mkewe alikuwa ameshika mkono wake kwa nguvu, na alikubali kwa kichwa.

Namsifu aliandika. Kabla hajamaliza, Merina aliinua mkono: yeye, mumewe na watoto wanne. Cherehani inabebeka, alisema. Ndugu wawili makapera walisema wao hawana wa kumwacha. Mwinjilisti na familia yake, saba. Mama mjane mwenye watoto watano wakubwa wanaotaka kusoma. Kaya ya mzee Mbijili, kumi na moja, baada ya kugombana wenyewe kwa wenyewe kwa dakika nzima kwa sauti ya juu. Walisema haraka haraka, kila mtu akimkatiza mwenzake, kama watu wanaogombania kulipa chai hotelini. Kutoka nyuma, sauti kavu ilisema, "Na mimi na wajukuu wangu wawili," na Namsifu akaandika bila kuinua macho, maana macho yake hayakuwa yanaona vizuri.

Alipojumlisha, alirudia kujumlisha.

"Mmezidi," alisema. "Mko arobaini na wanne. Watatu inabidi wabaki."

Hakuna aliyejitolea kubaki. Walitazamana. Kisha mtu mmoja akasema, "Bibi Perusi," na wote wakaitikia, "Bibi Perusi!" kwa kishindo.

"Nini? Sitaki!" Bibi alisimama, amefunga khanga yake kiunoni tayari kwa ugomvi. "Mimi nimeshaishi hapa miaka themanini na mitatu. Nimeshiba Chimoli. Mwacheni kijana abaki. Na mimi ninakunywa kikombe kimoja kwa siku, mnajua wote."

"Ndiyo maana unabaki," alisema Yoramu. "Unakunywa kidogo."

Watu waliangua kicheko, na Bibi Perusi akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakatikisika. "Asanteni," walimsikia akisema ndani ya khanga. "Asanteni, wanangu. Nilikuwa naogopa lile ghorofa." Wajukuu wake walimkumbatia pande zote mbili.

Namsifu alifuta majina matatu. Akaituma ramani ya njano saa tisa na dakika hamsini, muhuri ukaingia, Chimoli ikarudishwa kwenye orodha ya boza mpaka kisima kichimbwe, na dakika kumi baadaye kishkwambi kikazima chenyewe. Hakikuwa chake tena. Droni nazo ziliinuka, zikaibeba pete na kuipeleka makao makuu bila kumuaga. Gari la ofisi lililokuwa lije kumchukua lisingekuja.

Alibaki amesimama malishoni na daftari la shule mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na sita na hakujua kazi nyingine.

"Sasa wewe utaondokaje hapa?" Yoramu alimuuliza.

"Sijui, Mwenyekiti. Sijafika huko."

"Lori letu litakuja wiki ijayo. Tuko arobaini na mmoja, lori linabeba hamsini." Alilichukua daftari mkononi mwake, akalamba ncha ya penseli, na chini ya majina yote akaandika kwa herufi kubwa za fundi: NAMSIFU MRUTU. "Mpaka hapo utakula kwangu na kulala kwa bibi. Wewe umezaliwa huko ghorofani, si ndiyo? Sisi wengine hatujui hata jinsi ya kufungua bomba. Utatuonyesha."

Namsifu alisema asante. Kisha akainua mkono hewani, akamwonyesha jinsi bomba linavyofunguliwa.